Kuchunguza ozoni ya miaka mingi ukiwa Uganda: Dobson, puto, setilaiti, kifaa cha mjini au modeli?

Kila mwaka, mapendekezo ya utafiti yanapoanza kuandikwa Makerere, Kyambogo na Mbarara, hakosekani mwanafunzi wa fizikia, jiografia au sayansi ya mazingira anayetaka kuandika juu ya ozoni. Kichwa huwa kimeshakamilika: "Mabadiliko ya muda mrefu ya ozoni juu ya Uganda." Kinachokosekana ni jibu la swali la msimamizi: data utaitoa wapi? Hapo watu hukwama, maana njia za kupima ziko nne, ya tano ni ya kukokotoa, na kila moja ina wapenzi wake wanaoapa kwamba nyingine zote ni kupoteza muda.

Hapa naziweka zote tano mezani kwa vigezo vilevile. Hakuna itakayovikwa taji. Inategemea unauliza ozoni ipi, ya miaka mingapi, na umebakiza muda gani kabla ya kuwasilisha tasnifu.

Kwanza, ozoni ipi?

Karibu asilimia 90 ya ozoni yote iko kwenye stratosfia, nyingi yake kati ya kilomita 15 na 35 juu ya vichwa vyetu. Hiyo ndiyo inayotukinga na mionzi ya urujuanimno. Asilimia 10 hivi iliyobaki iko chini, kwenye troposfia, na ile ya karibu na ardhi tunaivuta puani. Ni sumu kwa mapafu na kwa majani ya maharage pia. Gesi ni ileile, lakini visa vyake ni viwili tofauti. Ya juu ilipunguzwa na klorini na bromini kutoka kwenye gesi za friji, makopo ya kupulizia na vizima moto, jambo ambalo Mario Molina na Sherwood Rowland walilitahadharisha mwaka 1974 na dunia ikalishughulikia kwa Itifaki ya Montreal ya 1987. Ya chini huongezeka pale jua linapoupiga moshi wa magari, wa viwanda na wa mioto ya nyika.

Ozoni yote iliyo juu ya mahali fulani huhesabiwa kwa vizio vya Dobson, DU. Ukiikusanya yote hadi usawa wa bahari kwenye nyuzi joto 0, kila DU 100 ni unene wa milimita 1. Wastani wa dunia ni kama DU 300. Sisi wa Ikweta tuko karibu na 260, na misimu haiibadilishi sana. Watu hushangaa: si huku ndiko jua kali linakoitengeneza? Ni kweli, hutengenezwa huku, halafu mzunguko wa taratibu wa hewa ya juu unaoitwa Brewer-Dobson huibeba kuelekea kwenye ncha za dunia. Kwa hiyo ukikuta DU 255 juu ya Kampala usikimbilie kuandika "shimo la ozoni". Shimo ni la Antaktika, hutokea Septemba na Oktoba, na halijawahi kufika kwetu.

Vigezo nitakavyotumia

*Kimo.* Je, njia inakupa jumla moja ya safu nzima ya hewa, au inaonyesha tabaka kwa tabaka? Kigezo hiki nakipa uzito mkubwa. Ozoni ya stratosfia ya juu imekuwa ikipanda tangu mwaka 2000 hivi. Wakati huohuo William Ball na wenzake walitoa mwaka 2018 ushahidi kwamba ile ya stratosfia ya chini, kati ya latitudo 60 kusini na 60 kaskazini, inaendelea kushuka, na wataalamu wangali wakibishana kuhusu sababu yake. Ukizijumlisha kwenye namba moja, kupanda na kushuka kunafutana na unabaki na mstari bapa.

*Urefu wa mfululizo.* Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwaka 1998 Elizabeth Weatherhead na wenzake walichapisha kanuni ya kukadiria miaka inayohitajika ili mwenendo uonekane kwa uhakika. Inadai vitu vitatu: ukubwa wa mwenendo unaoutafuta, kiasi ambacho wastani wa mwezi hupandashuka bila sababu uliyoiweka kwenye hesabu, na jinsi mwezi mmoja unavyofuata tabia ya ule uliotangulia. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenendo ni asilimia 1 kwa muongo, yaani DU 2.6 kila miaka kumi juu ya Kampala. Kupandashuka ni DU 5, na uhusiano wa mwezi kwa mwezi ni 0.5. Jibu linakuja kama miaka 23. Mwenendo ukiwa nusu ya huo, unahitaji miaka 36. Lakini ukitumia regresheni kuondoa vyanzo vinavyojulikana vya kupandashuka, yaani QBO (pepo za stratosfia ya Ikweta zinazogeuka kati ya mashariki na magharibi kwa mzunguko wa miezi 28 hivi), El Niño, mzunguko wa jua wa miaka 11, na vumbi la volkano kama Pinatubo ya 1991, na ile DU 5 ikashuka hadi 2.5, miaka inapungua hadi 14 au 15. Mwenye data za miaka sita asitegemee muujiza wa takwimu.

*Uthabiti.* Muuza sukari wa Nakasero ambaye springi ya mizani yake inalegea kidogo kila mwezi ataapa kwamba magunia yanazidi kuwa mazito. Kifaa cha ozoni kikipotoka asilimia 1 kwa muongo, umeshapata mwenendo ambao haupo angani.

*Ukaribu na Uganda.* Stratosfia ya tropiki haibadiliki sana ukienda mashariki au magharibi, kwa hiyo kituo cha Nairobi, kilomita 500 hivi kutoka Kampala, kinaweza kuisemea anga yetu ya juu. Ya chini kila mji una yake.

*Gharama na jasho.* Fedha, umeme, bando, ujuzi wa programu, na vibali.

Njia ya kwanza: Dobson

Kimo: jumla ya safu nzima, basi. Kifaa hiki kilibuniwa na Gordon Dobson huko Oxford miaka ya 1920. Ni sanduku refu lenye prizimu ndani. Hulinganisha mwanga wa jua wa urefu-mawimbi mawili ya urujuanimno, mathalani nanomita 305.5, ambao ozoni huumeza sana, na nanomita 325.4, ambao humezwa kidogo. Kwenye kifaa cha jadi mwendeshaji huzungusha kisahani chenye namba hadi sindano ya mita itulie kwenye sifuri, anaandika namba, saa na hali ya mawingu, na ozoni hukokotolewa kutokana na namba hiyo. Ukipata nafasi ya kuona daftari la kituo, lisome. Maneno kama "wingu jembamba" yaliyoandikwa pembeni yana thamani kuliko wanavyodhani waliozoea majedwali ya kompyuta.

Urefu: hakuna anayeishinda. Arosa, Uswisi, ilianza kupima mwaka 1926. Nairobi ina vipimo vya Dobson tangu miaka ya 1980, ingawa mapengo yapo.

Uthabiti: ndipo sifa yake ilipo. Vifaa hivi hukutanishwa kila baada ya miaka kadhaa, vikawekwa juani pamoja na kifaa cha rejea cha kanda, ambacho nacho hulinganishwa na Dobson namba 83, rejea ya dunia. Kisa cha Halley Bay, kituo cha Waingereza huko Antaktika, kinaeleza umuhimu wake. Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walipoona Oktoba za Antaktika zikishuka kutoka DU 300 hivi hadi chini ya 200, walishuku kwanza kifaa chao wenyewe. Waliletewa kingine, kikasema yaleyale, ndipo wakachapisha, mwaka 1985. Setilaiti ilikuwa ikipita juu ya bara hilohilo miaka yote hiyo, lakini namba za chini mno zilikuwa zikiwekewa alama ya kutiliwa shaka.

Ukaribu: Dobson ya jirani iko Nairobi, na hapo kuna mtego. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya bahari, Kampala 1,200 hivi. Hizo mita 600 za hewa, ikiwa na ozoni ya sehemu 30 kwa bilioni, ni kama DU 1.4. Si nyingi, ila mwenendo unaoutafuta ni DU 2.6 kwa muongo. Usiunganishe vipimo vya Nairobi na vya mahali pengine kama mfululizo mmoja bila kusawazisha.

Gharama: data ni bure kwenye WOUDC, hifadhi ya dunia ya data za ozoni iliyoko Toronto, na faili ni ndogo, hata bando la siku linatosha. Jasho liko kwenye kuelewa mapengo.

Inamfaa: anayetaka kuhakiki setilaiti, au anayependa historia ya vipimo. Anayetaka kujua tabaka lipi limebadilika haitamsaidia.

Njia ya pili: puto la ozoni

Kimo: hapa puto halina mpinzani. Linapanda kutoka ardhini hadi zaidi ya kilomita 30 na kutofautisha tabaka za mita 100 hadi 150. Kabla ya kurushwa, fundi hujaza vikombe viwili vidogo kwa myeyusho wa iodidi ya potasiamu, kimoja mkali kuliko kingine. Pampu inavuta hewa na kuipitisha kwenye myeyusho. Kila molekuli ya ozoni inasukuma elektroni mbili kwenye waya, na mkondo huo mdogo wa umeme hutumwa chini kwa redio pamoja na halijoto, unyevu na mahali lilipo. Juu kabisa puto hupasuka, kifaa hushuka na parachuti yake, na mara nyingi ndiyo safari ya mwisho.

Urefu: SHADOZ, mtandao wa vituo vya tropiki vinavyorusha maputo ya ozoni, ulianza 1998 chini ya Anne Thompson wa NASA, na Nairobi imo, ikiendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa ushirikiano na MeteoSwiss, idara ya hali ya hewa ya Uswisi. Ni zaidi ya miaka 25, kwa kawaida puto moja kwa wiki. Jiulize kabla ya kufurahi: mara moja kwa wiki ni vipimo vinne au vitano kwa mwezi, na mwezi wenye mitikisiko mingi karibu na mpaka wa troposfia, kilomita 16 hivi, unaweza kukudanganya. Wastani wa miezi mitatu huwa salama zaidi.

Uthabiti: mchanganyiko. Kwa kuwa kila safari ina kifaa kipya, hakuna springi moja inayolegea kwa miaka. Lakini kiwanda kikibadilisha kifaa, au kituo kikibadilisha ukali wa myeyusho, mfululizo wote unaruka siku hiyo. Data za SHADOZ zimesahihishwa upya kwa sababu hiyo, na hata baada ya hapo iligunduliwa kwamba vituo kadhaa duniani vilianza kusoma chini ghafla baada ya 2013. Tumia toleo jipya lililosahihishwa, na uandike namba ya toleo kwenye tasnifu. Mtahini anayeijua kazi hii atauliza.

Ukaribu: Uganda haina kituo cha SHADOZ. Juu ya kilomita 18 tumia Nairobi bila wasiwasi mkubwa. Chini ya kilomita tatu unapima Nairobi na viunga vyake, si Kampala.

Gharama: kupakua ni bure. Kurusha mwenyewe ni kifaa kipya kila mara, gesi, na mtambo wa kupokea mawimbi. Bila mfadhili usiliweke hata kwenye pendekezo.

Inamfaa: mwanafunzi wa uzamivu, au wa uzamili anayejua programu na mwenye subira. Kwa swali la "ni kimo gani kinachobadilika?", sijaona njia inayofundisha zaidi.

Njia ya tatu: setilaiti

Wengi huishia hapa. Wengine huishia pabaya, maana "setilaiti" ni jina la ukoo.

Kimo: inategemea ipi. Vifaa vya TOMS (kuanzia Nimbus-7, Oktoba 1978), OMI (2004), OMPS (2011) na TROPOMI (2017) hutazama chini na hutoa hasa jumla ya safu. MLS, iliyo pamoja na OMI kwenye chombo cha Aura, hutazama ukingo wa dunia kwa ubavu na hutoa tabaka za kilomita tatu hivi, kuanzia troposfia ya juu kwenda juu. Ukichukua jumla ya OMI ukaondoa stratosfia ya MLS, kinachobaki ni ozoni ya troposfia, na mfululizo wa namna hiyo upo kuanzia Oktoba 2004.

Urefu: hakuna chombo kimoja kinachofika 1978 hadi leo. Kinachotumika ni mfululizo uliounganishwa, kama ule wa NASA wa vifaa vya SBUV, au ule wa Ulaya wa GTO-ECV unaoanza 1995. TROPOMI inapendwa kwa sababu picha zake ni kali, kilomita 5.5 kwa 3.5, na kwa kuchora ramani ya moshi wa mji ni nzuri sana. Kwa mwenendo wa muda mrefu bado ni changa. Rudi kwenye kanuni ya Weatherhead.

Uthabiti: kila kiungo kati ya chombo na chombo ni mahali pa kuruka. Na chombo chenyewe huzeeka. Katikati ya miaka ya 1980 data za Nimbus-7 zilionyesha ozoni ya dunia ikiporomoka kwa kasi ya kutisha; jopo la wataalamu lililotoa matokeo yake 1988 likaona kwamba sehemu kubwa ya poromoko hilo ilitoka kwenye sahani ya kutawanyia mwanga wa jua, iliyokuwa ikifubaa huko angani. Waliojua hivyo walijua kwa kulinganisha na Dobson zilizoko ardhini. OMI nayo, tangu 2007, ina sehemu ya uwanja wake wa kuona iliyozibwa. Usipochuja vipimo vya sehemu hiyo utachora grafu yenye mikunjo usiyoweza kuieleza.

Ukaribu: inapita juu ya Uganda yenyewe, kila siku, mwendo wa saa saba na nusu mchana kwa OMI na TROPOMI. Saa hiyo si ya kubahatika kwetu. Mchana upepo wa ziwa husukuma mawingu nchi kavu, hivyo Ziwa Victoria lenyewe mara nyingi huwa wazi huku Kampala, Mukono na Masaka zikianza kufunikwa. Chini ya wingu setilaiti haioni, na programu hujaza sehemu hiyo kwa makadirio. Kwa jumla ya safu kosa ni dogo. Kwa ozoni ya chini, ambayo yote ni DU 30 hivi, kosa hilohilo ni kubwa, na linafuata misimu ya mvua. Mtu asipoangalia atagundua "msimu wa ozoni" ambao ni msimu wa mawingu.

Gharama: bure, ila faili za dunia nzima zinakula bando na diski. Tafuta kwanza faili za vituo, zinazotoa kipimo kimoja kwa siku kwa mahali ulipotaja. Ni maandishi matupu yanayofunguka hata kwenye laptopu ya zamani.

Inamfaa: mwanafunzi wa uzamili mwenye mwaka mmoja, anayetaka jina la Uganda libaki kwenye kichwa cha tasnifu kwa haki.

Njia ya nne: kifaa cha ozoni mjini

Kimo: hewa tunayoivuta, pua kwa pua.

Urefu: hapa lazima niwe mkali kidogo. Ukifunga kifaa leo, huna muda mrefu. Una mwanzo wa muda mrefu, na kwenye miaka miwili ya uzamili utaona mwendo wa siku na wa misimu, wala si mwenendo wa miongo. Kanda hii ina mifano ya waliovumilia: kituo cha Mlima Kenya kilichoanza 1999, na kituo cha Mugogo nchini Rwanda, ambako moshi wa mioto ya nyika huonekana kwa vipindi viwili, Desemba hadi Februari ukitoka kaskazini, na Juni hadi Agosti ukitoka kusini. Kwa Uganda, iliyo katikati ya pande hizo mbili, swali hilo liko wazi kabisa.

Uthabiti: kipimo kinachoaminika hupitisha hewa kwenye mwanga wa nanomita 254 na kuhesabu kiasi kilichomezwa. Taa huchoka, kichujio hujaa vumbi, pampu huchakaa. Vile vidude vya bei nafuu vya kemikali-umeme huchanganya ozoni na dioksidi ya nitrojeni, kwa hiyo kando ya barabara hutajua unapima nini.

Ukaribu: ni hapahapa, lakini wapi hasa? Moshi mbichi wa injini una oksidi ya nitrojeni inayokula ozoni papo hapo. Kifaa kwenye kona ya Wandegeya, katikati ya bodaboda na teksi, kinaweza kusoma ozoni ndogo kuliko kijiji kilicho upande unakoelekea upepo. Anayetaka kujua mji unazalisha nini aweke cha pili nje ya mji. Na tahadhari moja: vifaa vya AirQo vilivyotapakaa Kampala, mradi uliozaliwa Makerere, vimelenga chembechembe za PM2.5. Wapo wanaopakua data zake wakitafuta safu ya ozoni.

Gharama: ndiyo njia ghali kuliko zote kwa fedha ya mfukoni: kununua, kusawazisha, betri ya kukinga umeme unaokatika, paa salama, na mtu wa kukiangalia wikendi.

Inamfaa: idara au taasisi kuliko mwanafunzi mmoja. Pia anayejali afya, kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa nane, unahusu hewa hii na si ile ya stratosfia.

Njia ya tano: modeli zilizolishwa vipimo

Kimo: tabaka zote, kila mahali, kila saa chache. Inavutia kupita kiasi.

Urefu: modeli ya ERA5 ya Ulaya inarudi hadi 1940, MERRA-2 ya NASA hadi 1980, CAMS ya Ulaya hadi 2003.

Uthabiti: ndio udhaifu wake. MERRA-2 ilikula data za SBUV hadi Septemba 2004, kisha ikahamia OMI na MLS. Ukichora ozoni ya stratosfia ya chini juu ya Entebbe utaona ngazi kwenye 2004, na ngazi hiyo ni ya kompyuta. ERA5 ya miaka ya 1940 na 1950, kabla ya zama za setilaiti, haikushikiliwa na vipimo vya ozoni kutoka angani. Kuitolea mwenendo wa ozoni tangu 1940 ni kupima modeli.

Ukaribu: kisanduku kimoja cha CAMS ni kilomita 80 hivi kila upande. Kampala, Entebbe na kipande kikubwa cha ziwa ni kitu kimoja humo.

Gharama: bure, ila Python au R ni lazima.

Inamfaa: anayeuliza "kwa nini" kuliko "kiasi gani". Pepo zilibadilikaje mwaka wa El Niño? Hewa ya Sudan Kusini ilifika lini Gulu? Hapo modeli inajibu vizuri.

Kwa hali yako

Una mwaka mmoja, laptopu, na msimamizi asiye mtaalamu wa anga: chukua jumla ya safu kutoka mfululizo wa setilaiti uliounganishwa, kuanzia 1979, na uihakiki kwa Dobson ya Nairobi pale ilipo. Kuwa tayari kwa jibu la "hakuna mwenendo ulio wazi". Kwenye tropiki ndilo jibu linalotarajiwa kwa jumla ya safu, na tasnifu inayolithibitisha kwa uangalifu inasimama. Usiibadilishe miaka ya kuanzia hadi nyota ya uhakika itokee kwenye jedwali. Watahini wameiona mbinu hiyo.

Una miaka mitatu na hamu ya uzamivu: maputo ya Nairobi kwa kimo, MLS kwa kuziba mapengo ya wiki, na programu ya regresheni ya LOTUS, iliyoandikwa kwa Python na inayopatikana bure, kwa kuondoa QBO na wenzake. Waandikie wenye kituo kabla ya kuanza hesabu. Wao wanajua mwaka gani myeyusho ulibadilishwa, na wanastahili kutajwa, pengine hata kuwa waandishi wenza.

Unataka kuandika kuhusu hewa ya Kampala na afya: achana na stratosfia. Tafuta idara itakayokubali kutunza kifaa baada ya wewe kuhitimu, kisha andika tasnifu yako juu ya misimu. Ukishindwa kupata kifaa, ozoni ya troposfia ya OMI na MLS tangu 2004 itakupa picha ya kanda, si ya mtaa.

Wewe ni mwanahabari, mwalimu, au uko kwenye shirika na unatakiwa kuandika kurasa tano kuhusu Itifaki ya Montreal na mafundi wa friji: huhitaji data mpya hata kidogo. Soma tathmini ya kimataifa ya ozoni ya 2022, inayokadiria kwamba tabaka litarudi kwenye hali ya 1980 mwaka 2066 hivi juu ya Antaktika, 2045 juu ya Aktiki na 2040 kwingineko, sera zikiendelea kufuatwa. Kisha nenda NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, uulize utekelezaji wa hapa nyumbani umefikia wapi, pamoja na Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016, ambayo yanahusu zaidi gesi zinazopasha joto dunia, si ozoni yenyewe.

Na kama umeshakusanya data ya miaka sita ya TROPOMI na tarehe ya kuwasilisha iko mwezi ujao, badilisha kichwa. Ondoa "muda mrefu", weka "misimu", na kazi yako inaweza kuwa nzuri vilevile.